Kujaribu dawa ya kung'arisha meno nyumbani: wiki sita, picha nne, na doa ambalo halitatoka

Ninauza kwenye farmasi moja hapa Goma. Kila wiki lazima aje mtu, aegemee kaunta, afunike mdomo kwa kiganja na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, ile Colgate ya kufanya meno yawe meupe, inafanya kweli?" (Huku kwetu kila dawa ya meno ni Colgate, hata kama kwenye tyubu kumeandikwa jina lingine kabisa.) Nikimjibu, anauliza la pili: itachukua siku ngapi? Halafu la tatu: nikiweka nyingi, si itaenda haraka? Watu watano wako nyuma yake wanangoja dawa ya malaria. Basi nimeandika hapa yote ninayowaambia, usome nyumbani ukiwa umetulia, kisha uje ununue au usinunue.

Jibu lenyewe: inafanya, lakini kwa doa lililokaa juu ya jino tu. Chai, kahawa ya Minova, sigara, divai nyekundu, hayo ndiyo inayoyapunguza. Inafanya hivyo kwa chembe ndogo zinazosugua, mara nyingi silika au chokaa laini, na nyingine zina peroksidi, kemikali ya kupausha, kidogo sana. Haibadilishi rangi ya jino lenyewe. Na hapa Goma jambo hilo lina uzito kuliko kwingine, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

KABLA YA KUNUNUA: DOA LAKO NI LIPI?

Nenda dirishani asubuhi na kioo kidogo. Vuta mdomo wa chini, kisha wa juu. Pitisha ukucha juu ya doa, polepole.

Doa la chai na sigara hukaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, katikati ya jino na jino, na hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hukuwa nalo utotoni, limekuja ukiwa mtu mzima. Hilo ndilo la kujaribia.

Ukucha ukikwama kwenye kitu kigumu, cha manjano, chenye mikwaruzo kama kokoto iliyogandishwa kwenye jino, huo ni ukoga uliogeuka jiwe. Hakuna tyubu inayoutoa. Unatolewa na daktari wa meno kwa vyombo vyake, ndiyo ile detartraji. Usiukwangue kwa sindano wala kisu. Nimeshaona mtu aliyefanya hivyo, ufizi ukavimba wiki nzima.

Jino moja peke yake likiwa la kijivu, na mengine yako sawa, jiulize kama uliwahi kuanguka na pikipiki au kupigwa mpira usoni. Huenda jino limekufa ndani. Huyo ni mgonjwa wa daktari, si mteja wangu.

Sasa lile la kwetu. Una mistari myeupe kama chaki inayokata jino kutoka upande hadi upande, au mabaka ya kahawia, na yako kushoto na kulia kwa mpangilio mmoja. Ukucha unapita juu yake bila kukwama. Umekuwa nayo tangu meno ya ukubwa yalipoota, na ndugu zako mliokulia parsele (kiwanja) moja wanayo pia. Hiyo ni floridi, madini yanayolinda jino yakiwa kidogo, na kulitia doa yakizidi utotoni. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi yenye floridi, mvua inaichukua inapoanguka, na sisi tunakinga mvua hiyo kwenye mabati. Kuna na chemchemi zinazopita kwenye mawe ya volkano zinazobeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa yaliyozidi kwa miaka, wakati meno yake ya ukubwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, jino linatoka na alama tayari. Doa liko ndani ya jino, kama rangi iliyochanganywa kwenye udongo kabla ya tofali kuchomwa. Sugua mwaka mzima, halitatoka. Daktari wa meno ana njia zake za kulipunguza.

Kwa hiyo wateja wengi wanaorudi kwangu wakisema "Mama, uliniuzia ya uongo" hawakuuziwa ya uongo. Walikuwa na doa la mvua, wakalitibu kama doa la chai.

Wengine walipewa tetrasiklini, dawa ya kuua bakteria, wakiwa wadogo, chini ya miaka 8, au mama zao waliinywa wakiwa na mimba. Meno yao yana mikanda ya kijivu au ya kahawia. Nao wasipoteze pesa.

Mwingine hana doa hata moja, meno yake ni ya manjano kidogo tu. Hiyo ni rangi ya jino. Si uchafu.

NANI ASIANZE

Mwenye jino lililotoboka, mwenye fizi zinazovuja damu kila siku, mwenye meno ambayo tayari yanatia ganzi kwa maji baridi: tibu hayo kwanza. Mtoto pia, asitumie hii kabisa. Na kama una jino la bandia au umezibwa jino la mbele, jua kwamba hilo halibadiliki rangi yake ya asili. Mengine yakiwa meupe, lenyewe litabaki nyuma, na litaonekana zaidi kuliko sasa.

UTAKAVYOHITAJI

Tyubu moja ndogo. Usinunue kubwa kwa mara ya kwanza. Geuza nyuma usome: itafute floridi kati ya 1000 na 1450 ppm (sehemu kwa milioni), au tuseme mpaka 1500. Ikiwa haina floridi, irudishe, hata kama boksi linang'aa kama dirisha la kanisa. Angalia tarehe, na kwamba karatasi ya mdomoni haijatobolewa. Zile zinazopangwa juani mtaani Birere tangu asubuhi mpaka jioni, ukiminya yanatoka maji kwanza ndipo dawa ifuate. Mimi siwezi kuinunua hata kwa bei ya bure.

Mswaki mpya, laini. Kwenye boksi za Kifaransa huandikwa "souple". Watu wanapenda mgumu wakidhani unasafisha zaidi. Unachofanya mswaki mgumu ni kusukuma ufizi juu.

Kikombe cha maji safi, kioo, simu yenye kamera, karatasi nyeupe isiyoandikwa, na mahali pa kuandika tarehe. Kalenda ya ukutani inatosha.

HATUA

1. Piga picha kabla ya kufungua tyubu. Simama karibu na dirisha saa mbili au saa tatu asubuhi, jua lisikupige usoni, flashi izimwe. Shika karatasi nyeupe chini ya kidevu ionekane kwenye picha, maana bila karatasi hutajua kama meno yamebadilika au ni simu imebadilisha rangi. Pitisha ulimi juu ya meno ndipo upige. Jino kavu huonekana jeupe kuliko jino lenye mate. Mara ya kwanza mimi nilipiga picha ya kwanza usiku chini ya balbu ya manjano, na ya pili mchana, mdomo ukiwa wazi muda mrefu nikitafuta pozi. Nikafurahi sana. Nikamwonyesha dada yangu, akauliza kwa nini na ukuta umekuwa mweupe.

2. Siku tatu za kwanza, tumia mara moja tu, usiku. Asubuhi endelea na dawa yako ya kawaida. Unapima kama meno yatatia ganzi au mdomo utachubuka. Kama hakuna kitu, siku ya nne anza mara mbili.

3. Weka kiasi cha punje ya petipwa (njegere). Ule mstari mrefu uliojikunja kama nyoka juu ya mswaki ni wa picha za matangazo, wanauza tyubu. Kuzidisha dawa hakuharakishi kitu, povu linajaa na unatema kabla ya wakati.

4. Sugua dakika mbili, ukiwa umeshika mswaki kama kalamu. Gawa mdomo mara nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, nusu dakika kila sehemu. Laza nywele za mswaki kwa mshazari kwenye mpaka wa jino na ufizi, zungusha mizunguko midogo. Nyuma ya meno ya mbele ya chini simamisha mswaki wima, ndipo doa la chai linapojificha na ndipo watu wengi hawafiki. Usikandamize. Angalia mswaki wako baada ya wiki tatu: nywele zikiwa zimelala pande zote kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe, unatumia nguvu za kufulia jinzi.

5. Tema, usisukutue sana. Tema povu lote, basi. Ukisukutua kikombe kizima umeiosha floridi iliyotakiwa kubaki kwenye jino. Kwenye mtaa ambao bido (dumu) la maji linaletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, hatua hii ina faida mbili.

6. Ukinywa au kula kitu kichachu, ngoja nusu saa kabla ya kusugua. Maji ya marakuja, ndimu, nanasi, soda. Asidi hulainisha uso wa jino kwa muda, na ukisugua hapo hapo kwa dawa yenye chembe unakwangua jino lenyewe. Ukiweza, asubuhi sugua kabla ya chai.

7. Usibadilishe kitu kingine kwa wiki sita. Kama unakunywa vikombe vitatu vya chai, endelea na vitatu. Ukianza dawa, ukaacha sigara na ukapunguza kahawa wiki moja, mwisho hutajua ni nini kilichofanya kazi. Ingawa, nikisema ukweli, ukiacha sigara mimi sitakugombeza kwa kuharibu jaribio.

8. Rudia picha mwisho wa wiki ya pili, ya nne na ya sita. Dirisha lilelile, saa ileile, karatasi ileile, na kabla ya kusugua, kamwe si baada. Dawa nyingine zina rangi ya buluu inayokaa juu ya jino na kudanganya jicho: manjano yanafifia papo hapo, baada ya saa chache imeondoka na mate. Ndiyo maana mtu anatoka bafuni akitabasamu na jioni ananipigia simu kulalamika.

9. Wiki ya sita, weka picha ya kwanza na ya mwisho kando kwa kando, umpe mtu asiyejua ipi ni ipi. Akikosea au akisita, hakuna kilichobadilika. Usijijibie mwenyewe. Aliyetoa pesa huona weupe ambao haupo.

MAKOSA YANAYONILETEA WATU KAUNTANI

Ndimu na bikaboneti. Hili nalijua kwa mwili wangu. Ilibaki wiki moja kwa doti (sherehe ya mahari) ya binamu yangu, na mimi nilikuwa kati ya wasichana wa kubeba sinia. Nikakamua ndimu nzima juu ya kijiko cha bikaboneti, ikachemka, nikasugua asubuhi na jioni. Siku ya nne, meno yalikuwa laini ajabu kwenye ulimi, nikaona nimefaulu. Siku ya doti wakanipa Fanta baridi. Machozi yalinitoka mbele ya wakwe, shangazi mmoja akanipiga mgongo akisema, "Usilie, binamu yako atakuja kukutembelea." Bikaboneti peke yake haina ukali mkubwa. Ndimu ndiyo inayokula jino, na jino lililoliwa halioti tena.

Makala (makaa) ya jikoni. Yanasagwa, yanachujwa kwa kitambaa, kisha kidole kinachovya. Chembe zake hazilingani, nyingine ni kubwa na kali, na hayana floridi. Yakiingia kwenye ufa mdogo au ukingoni mwa jino lililozibwa, yanabaki kama mstari mweusi.

Javeli. Sidhani ninahitaji kueleza, lakini mwaka hauishi bila mtu kuniuliza. Hapana. Ni ya choo na nguo.

Maji ya oksijeni ya kuoshea vidonda. Nayo hapana. Yanaunguza fizi, na kipimo cha kwenye chupa si cha mdomo.

Kulala na dawa mdomoni, au kuchanganya tyubu mbili ili "ziongezane nguvu". Zinachoongezeana ni mikwaruzo.

Na kuazimana mswaki. Najua nyumbani mko wengi. Bado hapana.

IKIENDA VIBAYA

Meno yanatia ganzi kwa maji baridi au hewa. Acha dawa hii mara moja. Tumia ile ya meno yenye ganzi, kwenye boksi huandikwa "dents sensibles", nyingi zina nitrati ya potasiamu au kitu cha kuziba vitundu vya jino. Haifanyi kazi siku ya kwanza, ipe wiki mbili. Ganzi ikiisha unaweza kurudi, mara moja kwa siku. Kama ni jino moja tu linalouma, au linauma usiku bila kuguswa, hilo ni tundu. Nenda kwa daktari.

Ndani ya shavu panachubuka ngozi nyeupe, au vidonda vidogo vinarudirudi. Mara nyingi ni ile sabuni inayoleta povu, sodiamu lauril sulfati. Wengine haiwapatani. Tafuta tyubu isiyo nayo. Povu litakuwa dogo, usihofu.

Fizi zinavuja damu. Watu huacha kusugua, na hapo wanazidisha. Kawaida damu inatokana na ukoga uliokaa kwenye mpaka wa ufizi, si dawa. Endelea kusugua polepole na mswaki laini. Zikivuja zaidi ya wiki mbili, nenda ukaonwe.

Meno yamekuwa ya manjano zaidi. Hii inawashangaza. Tabaka la juu la jino, enameli, ndilo jeupe. Chini yake kuna tabaka la manjano. Ukikwangua la juu likawa jembamba, la chini linaonekana. Acha, usitafute dawa kali zaidi.

Doa la kahawia limekuja haraka ndani ya wiki mbili tatu. Kabla ya kulaumu tyubu, je, unasukutua klorheksidini uliyopewa kwa fizi? Unakunywa siro ya damu yenye madini ya chuma? Zote mbili hupaka meno kahawia. Doa hilo ni la juu, litatolewa. Siro inywe kwa mrija.

Yalikuwa meupe, sasa yamerudi. Chai imerudi nayo. Baada ya wiki sita usiendelee na dawa ya kung'arisha kila siku kwa miaka. Rudi kwenye ya kawaida yenye floridi, na hii uitumie mara mbili tatu kwa wiki.

Mabaka meupe yanaonekana zaidi kuliko mwanzo. Ni ya floridi. Doa la chai lililokuwa limeyafunika limetoka. Dawa imefanya kazi yake, na imefunua ya zamani.

Wiki sita zimeisha, hakuna kilichobadilika. Basi doa liko ndani, au ni ukoga uliogeuka jiwe. Usinunue ya pili. Pesa ya tyubu tatu za kujaribujaribu, iweke kando ya detartraji.

Mtoto ana mabaka ya kahawia, mama anataka kumsugulia. Hili huwa linanichelewesha, foleni au bila foleni. Usimsugue, doa lake haliko juu. Uliza kwanza ana wadogo zake wangapi walio chini ya miaka 8, maana kwao bado kuna la kufanya. Maji wanayokunywa yanatoka wapi? Kama ni ya mvua ya mabati, hasa siku ambazo Nyiragongo inatoa moshi, au ya chemchemi ya volkano, usidhani kuyachemsha kunasaidia: kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki, na maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Klorini nayo haiitoi. Watafutieni maji ya kunywa yaliyopimwa floridi, hata kama ni ya kunywa tu na ya kuoga yakabaki ya tangi. Na dawa yao ya meno iwe ya kawaida: aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, petipwa. Simama naye mpaka ateme.